Njuga ya Mbwa Mdogo

Baba mkwe wangu nilimjua kwa mabuti. Yalikuwa mabuti meusi ya mpira, la kushoto limezibwa kisigino kwa kipande chekundu cha tyubu ya baiskeli, na niliyaona yakipita chini ya majani ya migomba huku mimi nimeinama nyuma ya shina, kanga kichwani, macho ardhini. Miaka minane tuliishi kwenye kiwanja kimoja hapa Kyimo, nyumba yake bondeni, yetu mlimani, migomba katikati. Nilikijua kikohozi chake, nikaujua mwavuli wake na wimbo wa kanisani aliopenda kuimba akikamua ng'ombe. Uso wake sikuujua.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Wanyakyusa wa zamani. Mke wa mtoto na baba mkwe hawakutani njiani, hawatazamani, hawali mahali pamoja. Akija huku, wewe unapita kule. Akipita mlangoni, wewe unajifungia. Siku hizi wengi wameacha, wakwe wanakaa sebule moja wanaangalia taarifa ya habari. Lakini mzee wangu alikuwa mzee wa kanisa na mzee wa mila kwa pamoja, na hakuona kwa nini achague. Jina lake sikuruhusiwa kulitamka, na mpaka leo mdomo wangu unalikwepa. Ndiyo maana humu sitamtaja mtu yeyote kwa jina, maana nikianza na mmoja nitajikwaa kwa mwingine.

Mimi si wa huku. Nilizaliwa Singida, kwenye vumbi, nikapangiwa kazi Rungwe kuwa muuguzi wa kituo cha afya, nikafika na viatu vya wazi mahali ambapo mvua haiombi ruhusa. Mwaka wa pili nikaolewa na kijana wa Kyimo ambaye kazi yake iko Morogoro, anakuja Krismasi na Pasaka. Mkwe wa kuja huchungwa kuliko mkwe wa nyumbani, na mimi sikutaka mtu aseme mwanamke wa Singida hana adabu. Ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Mimi nilivunja yote mawili. Wakamwana wenzangu waliozaliwa hapa hapa walikuwa wakinicheka kwa jinsi nilivyoruka vichakani.

Wala sikuona kichekesho kilichokuwa ndani yake. Kazini asubuhi nzima nawavua wazee mashati, nawapima presha, nawasafisha vidonda mahali ambapo hata wake zao hawapaoni. Jioni narudi nyumbani kumkimbia mzee mmoja. Yeye naye presha alikuwa nayo, na kliniki alikwenda kupimwa mjini Tukuyu, mwendo wote huo, ili tu asije akanikuta nimekaa na mashine yangu.

Mbwa nilimkuta Kiwira, siku ya soko. Nilikwenda kutafuta dagaa, nikapita kwa mama mmoja muuza ndizi, na nyuma ya mikungu yake palikuwa na kikapu kilichotoboka, ndani yake kitu kinatetemeka. Nilidhani ni panya buku.

"Mchukue tu, dada," yule mama akasema. "Mama yake aligongwa na fuso hapo barabarani. Wenzake wamechukuliwa wote. Huyu kila anayemshika anamrudisha."

"Ana nini?"

"Mguu. Mtazame mwenyewe. Nani atafuga mlinzi kiwete?"

Nikamtoa. Alienea kwenye kiganja. Mguu wa mbele wa kushoto ulikuwa umekunjwa kwa ndani, kama mtu aliyeficha senti mkononi, na alipokanyaga alikanyagia kifundo. Hakikuwa kilema kikubwa. Nilimwambia yule mama kwamba mimi ni nesi, nitamfunga gango, atanyooka. Ukweli ni mwingine. Mwezi ule nilikuwa nimepoteza mimba ya tatu, na mikono yangu ilikuwa inatafuta kitu cha kubeba. Nilimtia ndani ya koti la mvua, nikarudi naye nyumbani bila dagaa.

Gango nilimfunga kweli, la kadibodi ya boksi la glavu. Wiki tatu. Halikusaidia kitu, mfupa ulikuwa umeshaamua. Akajifunza kutembea hivyo hivyo, miguu mitatu inakwenda na mmoja unachechemea nyuma ya mwenzake, na kukua akakataa. Akiwa mbwa mzima hakumzidi paka wa jirani. Watu wa huku wanafuga mbwa alinde ng'ombe na migomba, mbwa wa kufungiwa bandani mchana na kufunguliwa jioni, kwa hiyo nilichekwa mpaka kazini. Shangazi wa mume wangu, dada wa baba mkwe, mjane anayeishi ng'ambo ya kijito na ndiye aliyekuwa akimpikia mzee, alikuja kumwona, akakaa kwenye kigoda changu cha jikoni, akamtazama kwa muda mrefu.

"Sasa huyu, mwanangu," akasema, "mwizi akija si atamkanyaga kwa bahati mbaya?"

Hakuwa mlinzi. Alikuwa mtembezi. Mimi nikienda zamu asubuhi, yeye anateremka bondeni kwa mzee, kwa sababu huko kulikuwa na maziwa. Shangazi ndiye aliyeniletea habari. Alisema mzee akikamua huielekeza chuchu pembeni, akamrushia mbwa maziwa mdomoni, halafu wote wawili wanajifanya hakuna kilichotokea. Daktari wa mifugo alipopita kijijini kuchanja kichaa cha mbwa, mimi nilikuwa kazini. Mzee akambeba ndani ya koti lake mpaka kwenye foleni, katikati ya vijana wenye mbwa wakubwa wenye minyororo. Alipoulizwa mbwa huyu ni wa nani, alisema aandikwe wa nyumbani.

Njuga ilikuja kwa sababu ya aibu. Njia ya kutoka kwa mzee kwenda barabarani, anakopeleka maziwa, inapita mbele ya mlango wangu. Alikuwa akikohoa kwa nguvu akikaribia ili nipate kujificha. Lakini mvua ya huku ikigonga bati na majani ya migomba, mtu anaweza kukohoa mpaka atapike usimsikie. Siku moja nikajitokeza kwenye kona ya nyumba na beseni la nguo, mabuti yale yako hatua mbili mbele yangu. Sikufikiri. Nilijirusha pembeni, na pembeni palikuwa na shimo la mbolea. Nilizama mpaka magotini, kwenye kinyesi cha ng'ombe, beseni kichwani. Nikasikia mabuti yamesimama. Kisha nikasikia pumzi zinatoka puani kwa vipande vipande, mzee anajizuia kucheka, na mabuti yakaondoka haraka kuliko yalivyokuja.

Kesho yake shangazi akaleta njuga ndogo ya shaba, ya zamani, aliyowahi kuvishwa ndama wa kwanza wa mzee. Imefungwa kwenye mkanda wa ngozi uliokatwa upya, umepimwa kwa shingo nyembamba.

"Baba anasema mvalishe mbwa," shangazi akasema. "Maana kila anakokwenda yeye siku hizi na huyu yuko mbele. Ukisikia njuga, ujue anakuja. Usije ukaumia."

Nimepewa zawadi nyingi maishani mwangu, kanga, sufuria, hata simu. Hakuna iliyonifikia ndani kama ile. Mzee alikuwa amekaa akafikiria namna ya kunipunguzia hofu. Kuanzia hapo njuga ikilia, naweka chini nilichoshika, naingia ndani, nafunga mlango, nakaa kwenye kigoda uso ukutani. Inapita, inafifia, natoka. Ilikuwa rahisi mno, mpaka ikawa haihitaji akili. Miguu yenyewe ilijua.

Kwenye nyumba nyingine, mtoto ndiye anayekuwa daraja. Mjukuu anatumwa juu, anatumwa chini, babu kasema hivi, mama kasema vile. Sisi mjukuu hatukuwa naye. Sikumbuki ni siku gani mzee aligundua kwamba mbwa anatosha. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa ndani, nimejifungia, njuga imesimama mlangoni, na sauti ya mzee ikasema, kwa Kiswahili chake cha polepole chenye Kinyakyusa ndani:

"Wewe. Mwambie mama yako aanue nguo. Mlima Rungwe umeshavaa kofia."

Mama yako. Nilikaa pale nimeshika magoti.

"Wewe," nikamwambia mbwa kupitia mlango, "mwambie babu nimesikia."

Ikawa mazungumzo yetu. Miaka mitatu tulizungumza hivyo, kila siku mzee anapopita, maneno mawili matatu. Mwambie mama yako ndizi za mbalaga ziko tayari kwenye shina la pili, akate. Mwambie babu chumvi ipungue. Mwambie mama yako huyo mume wake simu yake haishiki, kulikoni. Nami nikimaliza kumsikiliza nilijibu kwa maneno yale yale, mwambie babu nimesikia, na yeye hakuondoka kabla ya kuyapata. Shangazi alitukuta siku moja, akasimama njiani na mzigo wake wa kuni, akasema kwamba sisi wawili tunamdanganya Mungu na kumsingizia mbwa.

Nilipopoteza mimba ya nne sikumwambia mtu ila mume wangu kwa simu. Lakini kijiji hakina siri. Nilikuwa nimelala, mchana, siku ya tatu sijatoka. Njuga ikaja. Sikuamka hata kukaa kwenye kigoda. Mzee akasimama mlangoni, nikisikia matone yanadondoka kutoka kwenye mwavuli wake.

"Wewe," akasema. "Mwambie mama yako ng'ombe wangu mweupe alikaa miaka sita. Watu wakaniambia nimuuze, mimi nikakataa. Mwambie hapa hakuna anayeuzwa."

Mnyakyusa akikufananisha na ng'ombe wake si jambo dogo, ni sawa na kuwekwa kwenye ukoo. Nililia siku ile kilio cha kutoa uchungu nje, si cha kuufungia ndani. Mzee akaenda zake. Mbwa akabaki, akakwangua mlango, nikamfungulia, akapanda kitandani na matope yake.

Jambo moja tuligombana, nalo lilikuwa dawa. Shangazi aliniambia kwamba mzee anakunywa vidonge vya presha siku kichwa kinapomuuma tu, siku nyingine anaviacha kwenye kopo. Nikamwambia mbwa, kwa ukali kidogo, kwamba dawa hizo hazinywewi kwa msimu kama mbolea. Mzee akasema mbwa aniambie zinamchosha, akizimeza hawezi kubeba ndoo. Nikarudia kila wiki. Ijumaa ile ya mwisho nilipandisha sauti kabisa: mwambie babu ataanguka. Mabuti yakaondoka.

Jumamosi sikuwa na zamu. Ulikuwa mwezi wa saba, baridi ya kutoboa, ukungu umeshuka mpaka migomba ya mbele ikawa vivuli. Nilibandika maji ya chai kwenye jiko la mkaa ndani, nikatoka kufua sare zangu nyuma ya nyumba. Njuga ikalia kutoka bondeni.

Ililia haraka kuliko kawaida. Hilo nililisikia, naapa nililisikia, nikaliweka pembeni. Niliacha nguo, nikaingia, nikafunga mlango, nikakaa kwenye kigoda, uso ukutani. Njuga ikafika mlangoni, ikasimama. Mbwa akabweka. Mbwa yule hakuwa mtu wa kubweka.

Nikadhani mzee amesimama pale na bado ana hasira za jana.

"Wewe," nikasema, "mwambie babu niko ndani. Apite tu."

Hakuna sauti. Mbwa akakwangua mlango kwa mguu wake mzima, halafu njuga ikaondoka kuelekea bondeni. Nikasema moyoni, amerudi, amekasirika kweli. Nilikuwa naanza kuinuka njuga ikapanda tena. Nikakaa. Ikakwangua, ikabweka, ikashuka. Ikapanda mara ya tatu.

Mlango wetu una nafasi chini, panapopita panya na mwanga. Ningeinama tu, ningeona kama mabuti yapo. Ningeona miguu minne midogo, mmoja umekunjwa, na kiwanja kitupu. Sikuinama. Mkwe hachungulii. Nilikaa nyuma ya mlango uliofungwa, nikiwa na cheti cha uuguzi kwenye fremu juu ya kichwa changu, namheshimu mtu ambaye hayupo.

Maji yalichemka yakapungua nusu. Baadaye, nikiwa peke yangu, nilijaza sufuria ile ile kipimo kile kile, nikaibandika kwenye jiko lile lile, nikakaa na saa ya kazini kupima ilichukua muda gani. Nilifanya hivyo mara mbili. Dakika ni ngapi sitaandika.

Sauti iliyonitoa ilikuwa ya shangazi, kutoka bondeni, haikuwa ya kupiga yowe, ilikuwa ya mtu anayejikaza. "Mkwe. Njoo. Baba ameanguka."

Nilikimbia. Nilikimbia mpaka nikafika kwenye kona ya banda la ng'ombe, nikaona mabuti yamelala, vidole vimeelekea juu, na miguu yangu ikasimama yenyewe. Nikageuza uso. Shangazi alikuwa amepiga magoti kwenye matope, kichwa cha kaka yake mapajani.

"Wewe ni nesi au ni mkwe?" akaniuliza, taratibu kabisa. "Njoo hapa."

Nikaenda. Ndoo ilikuwa imepinduka na maziwa yamekwisha kunywewa na ardhi. Nguo zake zilikuwa zimelowa umande mpaka ndani, amelala pale muda, hilo halikuhitaji shule. Mkono wa kulia ulikuwa umekufa. Wa kushoto ulikuwa hai, na aliposikia sauti yangu karibu, mkono ule ukapanda polepole, ukatafuta kofia yake ya sufu, ukaivuta chini mpaka ikafunika macho.

Alikuwa ananiheshimu. Mdomo umekwenda upande, maneno hayatoki, na bado alikumbuka kwamba mimi ni mke wa mwanawe.

Mimi ilinibidi nitazame mboni za macho, ndiyo kazi. Nikaiinua kofia. Uso niliokuwa nikiukimbia miaka minane ulikuwa uso wa mume wangu, umezeeka, una kovu dogo kwenye nyusi ambalo hakuna aliyewahi kunisimulia. Alikuwa amefumba macho kwa nguvu kama mtoto anayekataa dawa. Nikamfungua jicho kwa kidole gumba. Kwa hiyo ndivyo tulivyotazamana, jicho lake moja na macho yangu mawili, na lilikuwa linanijua. Nikasema, "Baba, samahani." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita bila kupitia kwa mtu.

Tulipata gari barabarani, tukamfikisha hospitali ya mjini. Huko nikarudi kuwa mkwe. Ndugu walijaa kutoka Msasani, kutoka Mbeya, wanaume wakakaa karibu na kitanda, na mimi nikakaa kwenye benchi la nje nikisikia muuguzi mwingine anamgeuza. Muuguzi yule tunafahamiana. Alitoka akaniuliza, kikazi tu, kama tulichelewa kumwona. Nikasema tulichelewa. Siku ya tatu akafa, hakuwahi kusema neno.

Alizikwa nyumbani, kati ya migomba, karibu na mke wake. Wanawake wa kijiji walipika siku zile chini ya turubai langu la kuanikia mahindi, na mimi nikapika nao, na sifa zikaanza. Walisema wakamwana wa siku hizi hawana haya, lakini huyu mtoto wa watu, wa mbali, amemtunzia mzee heshima mpaka kaburini. Wakanishika mabega. Mume wangu, macho mekundu, aliniita pembeni nyuma ya tanki la maji.

"Asante," akaniambia. "Ulimheshimu baba kuliko hata sisi tuliomzaa."

Ningemwambia pale pale. Neno lilifika kwenye meno. Nikamtazama, nikaona uso ule mwingine, na nikasema tu, "Pole, baba." Mpaka leo hajui. Kila akinisifia mbele ya rafiki zake naona kama amenimwagia maji ya moto, nami natabasamu.

Mbwa hakuelewa msiba. Watu walimpiga teke, wakamkanyaga, akawa anapita kati ya miguu yao, juu, chini, juu, chini, na njuga yake. Mara moja nilikuwa nimeshika mwiko kwenye sufuria ya wali, njuga ikalia nyuma yangu, na kabla sijajua nilikuwa nimeuacha mwiko, nimejibanza nyuma ya mgomba, kanga usoni. Wanawake wakaona. Wakaanza kulia upya, wakasema tazameni, hata sasa anampisha. Jioni ile nilimvua mbwa njuga. Shingo yake ilikuwa imeacha mstari usio na manyoya.

Wageni walipokwisha kuondoka, mume wangu naye akarudi Morogoro, shangazi akaja siku moja na ungo wa maharage mabichi. Tukakaa mlangoni tunamenya. Mbwa alikuwa amelala kati yetu, mguu wake umekunjwa chini ya kidevu. Shangazi alimenya mpaka ungo ukafika nusu.

"Asubuhi ile nilikuwa kwenye shamba langu la chai, nachuma," akasema. "Niliisikia njuga. Inapanda, inashuka, inapanda. Nikasema, leo baba ana maneno mengi na mkwewe. Nikafurahi, mwanangu. Nikasema, acha waongee, nisiwakatize."

Nikapasua ganda jingine.

"Ningeteremka mapema," akasema. "Nikamaliza mstari kwanza."

Aliokota ganda lililoanguka, akalirudisha kwenye rundo. Halafu akasema, bila kunitazama, "Na wewe ulisikia."

"Nilisikia, shangazi."

Akaitikia kwa kichwa mara moja. Tukamenya maharage mpaka yakaisha, akaniachia nusu, akaenda zake. Hatujaizungumza tena. Lakini tangu siku hiyo nikikutana naye njiani hunishika mkono, na haachii mapema.

Mbwa bado anateremka kila asubuhi. Ng'ombe wamechukuliwa na shemeji, banda limebaki tupu, na yeye huenda akakaa pale ambapo ndoo ilipinduka, akangoja, halafu anahamia kaburini. Mimi kaburini nilikuwa sikaribii. Nilikuwa naishia kwenye mgomba wa mwisho, nimesimama ubavu, uso pembeni, kwa sababu mwili wangu haujaambiwa na mtu kwamba mila imekwisha. Majuzi mvua ilikuwa inakuja, Rungwe umevaa kofia, nikateremka kumchukua mbwa asilowe. Alikuwa amekaa juu ya udongo, mdogo, mguu mmoja ameuinua.

Nilisimama nyuma ya mgomba wangu. Nilijaribu kusema mwenyewe, Baba, nikashindwa. Basi nikasema kama tulivyozoea.

"Wewe," nikamwambia. "Mwambie babu nilisikia."

Mbwa akainua masikio. Akanitazama mimi, akautazama udongo chini yake, akanitazama tena, mguu wake umening'inia hewani, hajui ujumbe aupeleke wapi.